Hongera ya Mkwe

Jumanne, tarehe tatu Juni, mwaka elfu mbili ishirini na tano, Mama Foronya alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kunyoosha nguo, akiilisha foronya zenye unyevu moja baada ya nyingine huku mvuke ukimpanda usoni. Kiwanda cha ufuaji alichofanyia kazi kilipokea nguo za hoteli na za hospitali. Mashuka yalishughulikiwa na wanawake wawili wawili, kwa kuwa shuka hutaka mikono minne. Foronya alizishughulikia peke yake, nazo ndizo zilizompa jina ambalo hata mwenye kiwanda alilitumia.

Redio iliyoning'inia msumarini ilikuwa ikisoma habari. Serikali ilikuwa imeagiza laini zote za simu zihakikiwe upya kwa alama za vidole, na laini ambayo mwenyewe hatajulikana itafungwa.

"Waje wazitafute alama zangu ndani ya ndoo," alisema mwanamke mmoja wa mashuka, akiinua viganja vyake vyekundu. "Za kwangu zilishakwenda na maji ya dawa."

"Za kwako zilikwenda na uvivu," mwenzake akamjibu. "Dawa imesingiziwa."

Wakacheka, naye Mama Foronya akacheka pamoja nao. Sabuni ilipopanda bei, mwenye kiwanda aliacha ile waliyoizoea akaleta nyingine ya bei nafuu, inayochoma kama pilipili. Glavu zilipopanda bei, hakuleta glavu kabisa. Ncha za vidole vya Mama Foronya zilikuwa zimebaki laini, zikimetameta kama kijiko kilichosuguliwa miaka mingi.

Simu za wafanyakazi zilikaa kwa mlinzi wa lango, ndani ya kabati lenye kufuli, na zilitolewa wakati wa chai tu. Kengele ilipolia, Mama Foronya aliichukua yake, akakaa juu ya gunia la taulo, akaiwasha kwa shauku ya mwanafunzi anayengoja kusahihishiwa. Alikuwa na mwaka mmoja na kitu katika darasa la watu wazima. Kazi ya wiki ile iliitwa kusoma njia. Mwalimu aliwaambia kwamba vitabu vya darasani ni vichache lakini kuta za mji zimejaa maandishi, hivyo kila mmoja achague njia anayoijua, aipite akijirekodi kwa video, na asome kwa sauti kila kibao anachokiona.

Wenzake walichagua njia ya sokoni au ya zahanati. Mama Foronya alichagua njia aliyoipenda kuliko zote, ile ya kutoka kituo cha mwisho cha mabasi hadi kwa binti yake. Siku ya Jumapili aliipita akisoma taratibu, kidole kimoja kikiwa hewani kama anayefuata mistari ya kitabu: Duka la dawa. Kinyozi wa kisasa. Usitupe taka hapa. Cherehani zinatengenezwa. Vyumba vinapangishwa. Mwishoni mjukuu wake, Kidoti, alitokea kwenye kichochoro akipiga kelele, "Bibi! Bibi!" ndipo alipoizima. Hakulitaja jina la mtaa, wala la binti yake. Video aliituma kwa mwalimu peke yake.

Ujumbe aliokuwa ameupokea haukutoka kwa mwalimu. Ulitoka kwa mkwe.

Aliusoma kama alivyofundishwa, silabi kwa silabi, midomo ikicheza. *Shikamoo mama. Hongera, sasa unasoma vizuri. Hata kibao cha kinyozi umekisoma bila kukwama. Na Kidoti amekua.*

Aliurudia tangu mwanzo, akitumaini kwamba amekosea kuusoma. Hakuwa amekosea. Chai iliyokuwa mkononi mwake ilimwagikia taulo za hoteli, naye hakuhisi joto lake.

Binti yake alikuwa amemkimbia mume huyo wakati wa mvua zilizopita, akiwa na mtoto mgongoni na mkono wa kulia umevunjika. Siku ya kuondoka alimsikia mumewe akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi, kwamba akimpata hatamvunja mkono, atammaliza. Binti aliitupa simu yake chooni. Hakununua nyingine. Mama mtu alipoanza kumtembelea, sharti lilikuwa moja: "Ukija kwangu, simu iache nyumbani." Mama Foronya alilitii sharti hilo miezi yote, ingawa hakulielewa. Alidhani binti anaogopa isije ikalia, au yeye mama asije akaropoka mbele ya watu. Jumapili ile, kwa ajili ya kazi ya darasa, aliona hakuna ubaya. Hakumpigia mtu. Aliamini kwamba simu isiyopiga imelala.

Alimpigia mwalimu.

"Mwalimu, ile video umempa nani?"

"Video gani? Ya njia? Sijaifungua hata, mama, bando limeniishia tangu jana. Mabando siku hizi..."

"Umempa nani, mwalimu? Niambie tu, sitagombana."

Mwalimu alishangaa. Mwanamke huyu alikuwa na heshima kiasi cha kuomba radhi anapoomba kalamu. "Sijampa mtu, naapa. Kuna nini?"

Mama Foronya alimsomea ujumbe.

"Usiende popote," mwalimu alisema haraka. "Nenda kwa fundi simu kwanza. Mwambie akwambie nani yumo ndani ya hiyo simu."

Maneno hayo, nani yumo ndani, aliondoka nayo. Alimwendea msimamizi kuomba ruhusa. Msimamizi, kijana mwenye kalamu nne mfukoni, hakuinua macho.

"Mgonjwa nani?"

"Hakuna mgonjwa. Ni mwanangu, ana hatari."

"Hatari ya namna gani?"

"Mkwe wangu amenipa hongera," alisema.

Msimamizi akainua macho. "Mama, ukilivuka lango hilo bila sababu inayoeleweka, malipo ya siku ya leo huna, na ya kesho sikuhakikishii."

Alilivuka.

Fundi simu alikuwa na kibanda kilichobanwa kati ya duka la viatu na ofisi kubwa ya kampuni ya simu. Aliipokea simu, akaigusagusa kwa kidole chenye kucha ndefu.

"Uliinunua mwenyewe, mama?"

"Nilinunuliwa na mkwe, walipooana na binti yangu. Wakati ule nilikuwa sijui kusoma. Akaniwashia, akaniwekea kila kitu. Akaniambia, mama, wewe usihangaike."

"Ni kweli hukuhangaika. Alihangaika yeye." Fundi akamgeuzia kioo. Juu kabisa palikuwa na picha ndogo ya duara, ya mwanamume aliyevaa suti ya harusi, anatabasamu. "Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Basi simu hii inamjua huyu. Wewe haikujui. Akaunti ni yake. Picha unayopiga, video unayorekodi, inakwenda kwake yenyewe, haimwombi mtu ruhusa. Na hapa," akagusa tena, "hapa ni ramani. Anaona simu ilipo."

"Ilipokuwa Jumapili?"

"Jumapili, jana, na sasa hivi. Sasa hivi anaiona iko kibandani kwangu."

Mama Foronya alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka chini ya meza.

"Izime, baba. Ifute yote."

"Nikiifuta itaniuliza neno lake la siri. Nikiizima, atajua umeshtuka." Fundi aliinamisha kichwa, akapunguza sauti. "Sikiliza, mama yangu. Huko kwa binti yako ni nyumba za namna gani?"

"Vyumba. Uani, nyuma ya nyumba za mbele, vingi sana. Hata mimi mara ya kwanza nilipotea."

"Basi ramani imemfikisha mtaani, haijamfikisha mlangoni. Angekuwa ameshaujua mlango asingekuandikia hongera. Anataka uogope, uchomoke mbio. Akuone unakimbilia wapi."

Alipotaja hilo, Mama Foronya aligundua kwamba tayari alikuwa ameishika nauli mkononi. Alikuwa amedhamiria, akitoka hapo tu, apande basi.

"Nifanye nini?"

"Laini imesajiliwa kwa jina la nani?"

Alipokumbuka, alifumba macho. Miaka ile walikwenda wote pamoja, na mashine ilipokikataa kidole chake, mkwe alisema kwa upole, "Tumia changu, mama. Si tumekuwa damu moja?"

Fundi alimwonyesha mlango wa ofisi ya kampuni. Hakutaka malipo. Alimrudishia simu akiwa ameishika kwa ncha za vidole viwili.

Ndani ya ofisi palikuwa na ubaridi wa mashine na foleni ndefu ya watu waliosikia habari zile zile za redio. Alipofika mbele alimkuta dada aliyejipaka rangi ya midomo, mwenye sauti ya kusalimia watu mia kwa siku.

"Laini hii ni ya nani, mama?"

"Ni yangu."

"Kompyuta inasema si yako." Alilitaja jina la mkwe kwa sauti, na Mama Foronya akageuka haraka kutazama mlangoni, kana kwamba jina linaweza kumwita mtu.

"Aliniwekea kidole kwa sababu changu kilikataa. Nataka iwe yangu. Au ifungwe. Ninyi mnaweza kumtoa humo ndani, sivyo?"

"Kuihamisha ni rahisi. Weka kidole hapa."

Akaweka. Taa ndogo ikawaka nyekundu. Dada akampa kitambaa apanguse, akaweka tena, nyekundu. Wakajaribu kidole gumba, wakahamia mkono wa kushoto. Vidole vyote kumi vilikataliwa, kimoja baada ya kingine, huku watu wa nyuma wakianza kuguna.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Nafua."

"Ndiyo maana. Havisomeki. Basi mwambie mwenye laini aje mwenyewe, dakika mbili tu tumemaliza."

"Mwenye laini ndiye tunayemkimbia."

Dada alisita. Kwa muda mfupi sauti ile ya watu mia ilimtoka. "Pole, mama. Lakini haki iko kwa mwenye laini. Hata nikitaka, mfumo haunipi pa kubonyeza."

"Mama, ama utoke ama ulale hapo hapo," mtu mmoja alisema nyuma. "Nasi tuna vidole."

Simu ilitetemeka mkononi. *Mama, leo hujaenda kazini? Unaumwa?*

Alishika ukingo wa kaunta mpaka ofisi ilipotulia. Tangu alipokuwa msichana hakuwahi kuogopa namna hii, kuogopa bila kuona cha kuogopwa. Watu walikuwa wakiingia na kutoka, jua lilikuwa linawaka, na mahali fulani mtu mmoja alikuwa ameketi, labda anakunywa soda, akimtazama yeye kama mtu anavyomtazama sisimizi anayepita mezani.

Akaenda polisi.

Afande wa zamu alikuwa amelikunja gazeti ili ajipepee. Aliupokea mkasa wote bila kumkatiza, kisha akaomba simu, akasoma ujumbe wa kwanza na wa pili, midomo yake nayo ikicheza.

"Amekutukana wapi hapa?"

"Hajanitukana."

"Amekutishia wapi? Mimi naona shikamoo. Naona hongera. Naona anakuuliza kama unaumwa." Alimgeukia mwenzake aliyekuwa akifunga kamba za viatu. "Mkwe wangu mimi hata salamu ya sikukuu hanitumii, huyu mama analalamika amejaliwa."

"Tubadilishane wakwe," mwenzake akasema.

"Afande, huyu mtu alimvunja mwanangu mkono."

"Una karatasi ya daktari?"

"Hospitali walitaka kwanza karatasi ya polisi. Tulipokuja hapa, mkasema arudi na mumewe mzungumze."

Afande alikohoa kidogo. "Hayo ni mambo ya nyumbani, mama."

"Mwanangu hana nyumba tena, afande."

"Nakuelewa. Lakini sheria haishughuliki na jambo ambalo halijatokea. Akifanya kitu, hapo uje, tutamkamata siku hiyo hiyo."

"Akifanya kitu, nani atakuja kuwaambia?"

"Si wewe mama yake?" Akamrudishia simu.

Hakuwa amefika nje ya uzio ujumbe wa tatu ulipoingia. *Mama, polisi kuna nini? Nije nikusaidie?*

Alirudi ndani mbio, akaiweka simu juu ya meza ya afande, akainyooshea kidole. Afande akasoma. Uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyepata jawabu la hesabu.

"Umeona? Anataka kusaidia. Mwambie aje sasa hivi, tuyamalize hapa hapa kwa amani."

Mama Foronya aliichukua simu taratibu. Aliaga kwa adabu, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kuwaaga watu wenye bunduki, akaenda kuketi kwenye benchi la nje.

Hapo aliandika. Vidole visivyosomeka viligusa herufi moja moja, akifuta, akirudia. Mwalimu alikuwa amewafundisha kuandika barua ya kweli, yenye salamu, kiini na hitimisho. Huu ulikuwa uongo wake wa kwanza wa maandishi: *Marahaba baba. Nimepoteza kitambulisho nimekuja kuandikisha. Siumwi. Narudi kazini.* Aliutuma, akainuka.

Alirudi kazini kwa njia ile ile, polepole, ili simu iende mwendo wa mtu asiye na haraka.

"Mama Foronya!" mlinzi wa lango alimpokea. Alikuwa mzee aliyelichekea kila jambo isipokuwa kufuli zake. "Msimamizi amekutafuta mpaka ndani ya mashine. Tukadhani umenyooshwa."

"Iweke kabatini," alimwambia, akimkabidhi simu. "Ikilia, iache ilie."

"Na wewe?"

"Mimi nimo ndani. Nanyoosha foronya."

Mlinzi alimtazama. Alikuwa amesimama nje ya lango, mkoba kwapani, jasho likimtiririka shingoni. Kicheko kilimtoka mzee usoni. Akafungua kabati, akaiweka simu, akafunga, akajaribu kufuli mara mbili.

"Nimekuona ukiingia," alisema. "Yeyote atakayeniuliza, nilikuona."

Nauli ilikuwa imepanda tena tangu Jumapili, na kondakta alimjibu kwamba akauze malalamiko kwa wenye mafuta. Hakubishana. Alikaa kiti cha nyuma kabisa ili asiwe na mtu mgongoni. Kila mwanamume aliyepanda alimchunguza viatu, kwa sababu uso unaweza kufichwa kwa kofia lakini mkwe alikuwa na mwendo wa kukanyagia nje, uliovila viatu vyake upande mmoja. Akagundua pia kwamba mkono wake ulikuwa ukipapasa mkoba kila mara kuitafuta simu, ili ajue kama mkwe ameandika tena. Kutojua kulikuwa na woga wake, tofauti na ule wa kwanza, wala si mdogo.

Hakushuka kituo cha mwisho. Alishuka kabla, akazunguka kwa nyuma, kwenye mfereji wa maji machafu ambako hapakuwa na duka wala kibao, akapenya kati ya kuta mbili mpaka akatokezea uani.

Binti yake alikuwa ameketi mlangoni mwa chumba, rundo la mashati ya sare za shule mapajani. Kazi yake ilikuwa kushona vifungo. Mkono uliovunjika ulikuwa umeunga vibaya, hivyo alishika sindano kwa kushoto. Kidoti, mwenye alama ndogo nyeusi shavuni, alikuwa akimpangia vifungo kwa ukubwa juu ya mkeka.

"Bibi!" mtoto alipiga kelele.

"Shii, mama. Shii." Alimkumbatia, akamwingiza ndani, akaufunga mlango.

Binti alimtazama usoni, kisha mikononi. "Kuna nini? Leo ni Jumanne."

Alimweleza yote, amesimama, bila kujitetea. Alieleza kuhusu njia, video, akaunti, ramani, kidole na hongera. Binti alisikiliza sindano ikiwa imesimama hewani.

"Ulikuja nayo Jumapili?"

"Nilikuja nayo."

"Nilikuambia uiache nyumbani, mama."

"Uliniambia. Nilidhani isipopiga imelala."

Nje mtu alikuwa anakung'uta sufuria.

"Jana," binti alisema hatimaye, "kinyozi alinisimamisha. Akasema kuna mtu alikuja kunyoa ndevu zisizo na haja ya kunyolewa. Akauliza kama hapa kuna mwanamke mwenye mtoto mwenye kidoti shavuni. Kinyozi akamwambia hapa kila mwanamke ana mtoto, na kila mtoto ana doa. Nikajiambia ni woga wangu tu, watu wengi huulizia watu."

Alipokwisha kusema, aliiacha sindano, akaanza kukunja. Hakulia wala hakukaripia. Alikunja nguo za mtoto, kisha zake, kisha shuka, kwa ustadi wa mtu aliyewahi kufanya hivyo gizani. Mama Foronya alitamani binti apige kelele. Angalau kelele angejua kuipokea.

"Ulivisoma vyote?" binti aliuliza, mgongo ukiwa umemgeukia.

"Vyote."

"Hata kile cha cherehani? Kina maneno marefu."

"Hata hicho. Sikukwama."

Mabega ya binti yalitikisika, haikujulikana kama ni kicheko. "Mimi sijawahi kukusikia ukisoma, mama. Yeye amekusikia kabla yangu."

Mama Foronya alikaa chini, juu ya mkeka, katikati ya vifungo. Maneno hayo yalimwingia mahali ambapo jumbe zote tatu hazikufika. Alinyoosha mkono kumgusa binti yake mguu, kisha akaurudisha.

Mwenye nyumba, mjane asiyependa maswali, alikwenda mwenyewe kumwita dereva wa pikipiki wanayemwamini, na akaahidi kuyarudisha mashati kwa mwenye kazi. Mzigo haukuwa mkubwa. Ulikuwa fuko moja na ndoo yenye vyombo. Mtoto alikaa katikati, kati ya dereva na mama yake, akiwa amefunikwa kitenge kichwani, akidhani ni mchezo.

Binti alimwinamia mama yake sikioni. "Tunakwenda..."

"Usiniambie."

"Mama."

"Usiniambie. Nikijua, kuna mahali maneno yatanitoka bila mimi kusikia. Wewe ndiye utakayenitafuta. Lango la kiwanda unalijua. Kama sitakuwepo, yule mlinzi atakuwepo."

"Itakuwa lini?"

"Hilo nalo usiniambie."

Walishikana mikono, ule uliovunjika na hii isiyosomeka, kisha binti akapanda. "Bibi, na wewe panda!" mtoto alisema chini ya kitenge.

Dereva alipowasha, Mama Foronya aligeuka, akauelekea ukuta. Aliziba masikio kwa viganja, akavikaza mpaka akasikia damu yake tu, ili asije akatambua kama pikipiki imekata kushoto au kulia mwisho wa kichochoro. Mwenye nyumba alimgusa bega kumwambia wameshaondoka, naye akatikisa kichwa, akabaki vile vile. Alisimama hivyo, paji la uso likigusa plasta yenye vumbi, mpaka alipokuwa na hakika kwamba hajui.

Kwa mujibu wa kompyuta, laini ile ni ya mkwe hadi leo. Wewe uliyefika mwisho wa habari hii, usibaki nayo. Mtafute mama, shangazi au jirani aliyewashiwa simu na mtu mwingine akaambiwa asihangaike, umpe aisome. Kama bado hajui kusoma, msomee wewe kwa sauti, polepole, lakini simu zenu muwe mmeziacha chumba kingine.